"You have been layed off": uchambuzi wa barua moja ya kuachishwa kazi

Mwanzoni mwa Aprili 2020 mpishi wa mikate wa hoteli moja ya kitalii hapa Arusha aliingia kwenye steshenari yangu na barua iliyokunjwa mara nne. Aliinyoosha juu ya kaunta kwa kiganja, akauliza: "Dada, hapa nimefukuzwa au nimepumzishwa?"

Barua ilikuwa na mistari michache tu. Sehemu iliyobeba uzito wote nainakili kama ilivyokuwa, makosa yake yakiwa mahali pake: "You have been layed off from your duties with effect from 1st April 2020 due to the current situation. You will be communicated." Chini yake sahihi ya afisa utumishi na muhuri wa hoteli.

Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri. Nyaraka za mahakama, vyeti vya ndoa, mikataba ya kupangisha nyumba, barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, zote zimepita mikononi mwangu. Niliisoma barua ile mara mbili, nikamjibu: "Umepumzishwa, kaka. Watakuita." Akashukuru, akaondoka akiwa na nafuu usoni.

Jibu lile halikuwa na msingi wa kutosha, na lilikaribia kumgharimu haki zake zote. Naandika kisa hiki kwa sababu barua za namna ile bado zinaandikwa, na bado zinaletwa kwenye kaunta kama yangu.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Kitenzi ni "lay", yaani kulaza au kuweka kitu chini. Wakati uliopita wake ni "laid", na umbo linalofuata "have been" ni hilo hilo "laid". Anayeandika "layed" anafuata mkondo wa "played", "stayed" na "delayed", na sikio linamkubalia, lakini kitenzi hiki kinakwenda na wenzake wawili wasiofuata mkondo huo: "pay" huwa "paid", "say" huwa "said", "lay" huwa "laid". Nimeona pia "lied off", na hilo ni baya zaidi, kwa sababu "lied" ni kusema uongo. Kikiwa kitenzi huandikwa maneno mawili, "lay off". Kikiwa nomino huungana: Wamarekani huandika "layoff", Waingereza wengi huweka kistari, "lay-off". Kwa hiyo "you are layoff" na "we have layoffed you", ambazo nazo nimezichapa upya mara kadhaa kwa niaba ya wateja, hazisimami.

Tahajia peke yake isingemuumiza mpishi. Kama barua ingesema "laid off" kwa usahihi kabisa, swali lake lingebaki pale pale juu ya kaunta, kwa sababu neno hili lina maana mbili, na maana hizo mbili zinamweka mtu mahali tofauti kabisa.

Katika viwanda vya Marekani, kumfanyia mfanyakazi "lay off" kulikuwa kumpumzisha kwa sababu kazi imepungua, kwa matarajio kwamba ikirudi ataitwa. Miaka ilivyokwenda neno likahamia kwenye kuachishwa moja kwa moja bila kosa la mfanyakazi, na leo Mmarekani akisikia mtu yuko "laid off" kwa kawaida anaelewa kwamba ajira imekwisha. Lakini maana ya zamani haikufa. Sheria yao ya mwaka 1988, ile inayowataka waajiri wakubwa watoe taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza watu wengi, inahesabu "layoff" kuwa kupoteza ajira pale inapozidi miezi 6. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inajua ipo ya muda na ipo ya kudumu.

Uingereza mambo yamegawanyika wazi zaidi. Katika Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996, mfanyakazi aliye "laid off" ni yule ambaye kwa wiki husika hana kazi ya kufanya na hana malipo, huku mkataba wake ukiwa hai. Ajira ikikoma kwa sababu nafasi haihitajiki tena, Mwingereza husema mtu "has been made redundant".

Kiingereza changu nilikisoma kwa vitabu vya mkondo wa Kiingereza cha Uingereza. Ndiyo maana nilimwambia mpishi atasubiri kuitwa. Afisa utumishi, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, alikuwa ametafuta mfano wa barua kwenye intaneti usiku, chini ya shinikizo la mkurugenzi, akapata wa Kimarekani. Yeye alimaanisha ajira imekwisha. Mimi na mpishi tukaelewa haijaisha.

Na barua haikutusaidia kutoka hapo. Angalia "from your duties". Majukumu na ajira ni vitu viwili. Mtu anaweza kuondolewa majukumu na akabaki mwajiriwa, kama anavyofanyiwa anayechunguzwa. Kiingereza kina "relieved of your duties" kwa ajili hiyo, na nadhani mwandishi alichanganya misemo miwili iliyokuwa ikizunguka kichwani mwake. Halafu "due to the current situation". Kila mtu Arusha alijua hali ile: mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alikuwa ametangazwa 16 Machi 2020, na alikuwa hapa hapa mkoani kwetu. Mji huu unaishi kwa wageni wa Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, na wageni walikuwa wamekatika. Lakini "hali iliyopo" huwa inapita, na msomaji akiambiwa ameondolewa kwa sababu ya jambo linalopita, moyo unamwambia naye atarudi likishapita. Mwisho ni "You will be communicated". Katika Kiingereza kinachofikishwa kwa kitenzi hicho ni habari, si mtu. Ilipaswa kuwa "We will contact you". Hata ikiandikwa vizuri, sentensi hiyo ni ahadi isiyo na tarehe. Anayeambiwa atajulishwa hukaa na simu mkononi.

Kiswahili chetu hakikuwa kimetuokoa pia. Miezi ile neno la mahotelini lilikuwa "kupumzishwa". Wahudumu walipumzishwa, madereva wa watalii walipumzishwa, wapishi walipumzishwa. Wako waliokuwa kwenye likizo bila malipo, wako waliopunguzwa kabisa, na wote walitumia neno hilo moja, kwa sababu ni neno la heshima na halimwaibishi mtu mbele ya watoto wake. Mtaani wangesema kibarua kimeota nyasi, au amepigwa chini, na hapo angalau hakuna anayebaki na shaka.

Sasa sheria. Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mwajiri Mtanzania anayepunguza watu hapewi msamiati wa "lay off". Kifungu cha 38 kinazungumzia kusitisha ajira kwa sababu ya mahitaji ya uendeshaji, na neno la Kiingereza kinalolitumia ni "retrenchment". Mahitaji hayo ni ya kiuchumi, ya kiteknolojia, ya kimuundo au yanayofanana na hayo. Kukosekana kwa wageni hotelini kunaingia humo bila ubishi. Lakini kifungu hicho kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mara tu anapolifikiria, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuamua: kwa nini upunguzaji unahitajika, upi uwezekano wa kuuepuka, nani atapunguzwa na kwa vigezo gani, lini, na malipo yatakuwaje. Barua ya mwisho inakuja baada ya hayo yote. Ya mpishi ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Ajira ikikoma kwa njia hiyo, kuna vitu vinavyofuata. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Mpishi alikuwa na miaka 6 na miezi kadhaa, kwa hiyo siku 42. Malipo ya likizo ambayo hajaichukua. Cheti cha utumishi. Na kwa kuwa aliajiriwa Tanga akaletwa Arusha, usafiri wa kumrudisha yeye, familia na mizigo, pamoja na posho ya kujikimu kuanzia siku ajira ilipokoma hadi siku anaposafirishwa. Kila kimoja hapo kinahitaji tarehe moja isiyo na utata: ajira ilikoma lini?

Tarehe hiyo hiyo ndiyo inayoanzisha saa ya madai. Anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, tangu ajira ilipositishwa au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Siku 30 ni chache sana kwa mtu anayesubiri simu.

Mpishi alisubiri Aprili yote na Mei yote. Alikuwa akioka mikate nyumbani na kuipeleka dukani kwa bodaboda, akiwa na simu mfukoni. Mwanzoni mwa Juni akaenda hotelini kuuliza. Mlinzi wa getini, ambaye walikuwa wakinywa chai pamoja kwa miaka 6, alimwambia jina lake halimo kwenye orodha. Ndani wakamweleza kwamba nafasi yake ilifungwa tangu Aprili na barua alishapewa. Akarudi kwangu na barua ile ile, sasa imechanika kwenye mikunjo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, hebu isome tena."

Nilisoma tena, safari hii na Sheria ikiwa wazi pembeni, na nikamwambia ukweli: nilikosea kukupa jibu moja kwa maneno yenye majibu mawili. Nikampeleka kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ninayemfahamu, mtu aliyezoea Tume.

Mwakilishi yule aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Hoteli ingesema ajira ilikoma 1 Aprili, kwa hiyo mpishi amechelewa. Sawa. Lakini ili waseme hivyo, ingewabidi waoneshe kwamba barua ilimwambia hivyo, na barua haikusema ajira imekoma. Ilisema ameondolewa kwenye majukumu na atajulishwa. Na alijulishwa Juni. Basi uamuzi wa mwisho uliomfikia ni wa Juni, na siku 30 zinaanzia hapo. Na kama ajira ilikuwa hai Aprili na Mei, mishahara ya miezi hiyo iko wapi? Hakuna karatasi inayoonesha kwamba mpishi alikubali likizo bila malipo. Mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Sheria inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadilisha masharti ya kazi.

Kwa usalama walijaza pia maombi ya kuongezewa muda, pamoja na maelezo ya kwa nini mpishi alichelewa, na barua ikaambatanishwa. Sababu kubwa iliyotajwa ni maneno mawili ya Kiingereza.

Shauri halikufika kwenye uamuzi. Lilimalizika katika usuluhishi. Upande wa hoteli walikuja na msimamo wa 1 Aprili, na baada ya kuulizwa barua inasema wapi kwamba ajira imekoma, wakaanza kuiangalia upya. Wakishika maana ya Kimarekani, wamepunguza mtu bila notisi wala mashauriano, na Sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachisha kwake kulikuwa halali. Wakishika maana ya Uingereza, wana deni la mishahara. Walikubaliana ajira ihesabiwe imekoma Juni, alipwe notisi, siku zake 42, likizo, nauli ya familia na mizigo hadi Tanga, na kiasi fulani juu yake ambacho sitakitaja kwa sababu ni cha makubaliano yao. Alipata na cheti.

Kulikuwa na kitu kingine kimoja ambacho kilitegemea maneno, na hiki kwangu ndicho cha karibu kabisa. Mfuko wa hifadhi ya jamii una fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Afisa utumishi alipoandaa barua ya Kiswahili ya kupeleka huko, rasimu ya kwanza ilisema mpishi "ameacha kazi kutokana na hali ya biashara". Niliisoma nikamrudishia. Ameacha na ameachishwa. Tofauti ni silabi moja. Aliyeacha ameondoka mwenyewe na fao hapati. Aliyeachishwa kuna mtu aliyemwachisha, na yule mtu yumo ndani ya kitenzi hata kama hatajwi. Katika Kiingereza unaweza kumficha mwajiri kwa urahisi, ukasema "you are no longer with us" au "we have let you go", kana kwamba mtu alikuwa akivuta kamba ya kutaka kuondoka. Kiswahili kina kiambishi cha kutendesha na cha kutendwa, ukivitumia vyote viwili ukweli umesemwa.

Tangu hapo afisa utumishi yule, ambaye ni mtu mwema aliyeelemewa, huniletea barua zake kabla hazijatoka. Tumeshakaa mara nyingi kuchagua maneno. "Fired" na "sacked" tumeyaweka mbali na karatasi kabisa; ni ya mazungumzo, na msomaji anaelewa kuna kosa. "Dismissed" tunaiacha kwa aliyetiwa hatiani baada ya kusikilizwa. "Suspended", kusimamishwa, ni ya uchunguzi, na hapa kwetu ukimwambia mtu amesimamishwa jirani wote watauliza ameiba nini. "You are hereby terminated" nimeizuia kila ilipokuja: kinachositishwa ni ajira au mkataba, si mwanadamu, kwa hiyo "your employment is terminated". "Redundancy" ni halali na wazi kwa wenzetu wa ng'ambo ya Namanga, kwa sababu ndilo neno la kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, ambako kiinua mgongo ni siku zisizopungua 15 kwa mwaka. Ukilichukua neno lile na kulipanda kwenye barua ya Arusha, unaweza kumfanya msomaji akadai hesabu ya nchi nyingine.

Na "laid off"? Ushauri wangu ni kwamba lisitumike peke yake katika barua ya mwajiri wa Tanzania. Ikiwa kweli ni mapumziko ya muda na mfanyakazi amekubali kwa maandishi, basi liongezewe: "By our agreement of 28 March, you are temporarily laid off from 1 April to 30 June 2020. Your contract of employment remains in force." Ile sentensi ya pili ndiyo inayomwezesha mtu kulala. Ikiwa ajira imekwisha, neno hilo liachwe kabisa.

Hii ndiyo barua ambayo mpishi alistahili kuipata, kwa Kiingereza, baada ya kuitwa na kushauriwa: "Following our consultation meetings, we confirm that your employment will end on 30 April 2020 because of the operational requirements of the hotel. This is a retrenchment. It does not arise from your conduct or the quality of your work." Kisha malipo yake, kila moja na kiasi chake, na siku ya kulipwa.

Na hii ndiyo tuliyoiandika pamoja na afisa utumishi kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo hakuna mwajiri anayelazimika kuhangaika na "lay" na "laid": "Baada ya vikao vya mashauriano tulivyofanya nawe, tunakujulisha kwamba ajira yako itakoma tarehe 30 Aprili 2020. Unaachishwa kazi kwa sababu hoteli imelazimika kupunguza wafanyakazi. Huna kosa lolote. Hatutarajii kukuita tena katika nafasi hii."

Sentensi ya mwisho afisa aliiogopa. Alisema ni kali, tuitoe. Tulibishana karibu nusu saa, chai ikapoa. Nikamwonesha nakala ya barua ile ya mistari michache, pale palipoandikwa "You will be communicated", nikamwambia mpishi alikaa na simu mfukoni siku sitini kwa sababu ya hiyo. Aliisoma, akachukua kalamu, na sentensi ikabaki.